Hisa Kumi na Moja

Hisa kumi na moja alizoachiwa na marehemu mumewe
Roswitha Kähler alizitunza miaka tisa
ndani ya kopo la biskuti,
chini ya leseni yake ya udereva wa tramu.
Hakujua zinachimba nini.
Kila Mei zilimletea hela ya viatu,
naye akavaa, akatembea.

Leo amekaa safu ya ishirini na nne, mjini Essen,
na kando yake, kwa hati aliyoitia sahihi mwenyewe,
amekaa Saturnina Ccorimanya, mfugaji wa alpaka,
aliyepanda mabasi matatu na ndege mbili
kwa kuwa asiyekuwapo na lake halipo,
na lake yeye ni mto.

Mimi ni mkalimani. Nalipwa kwa saa.
Kazi yangu ni kupitisha maneno bila kuyaonja.

Wamempa dakika tatu.
Saa nyekundu ukutani inahesabu kurudi nyuma.
Anawauliza kwanza kama wameamka salama,
kisha ananyamaza, anangoja.
Kwao husemi la pili kabla la kwanza halijaitikiwa.
Sekunde kumi na saba. Ukumbi unakohoa.
Roswitha, peke yake: Salama.

Basi anaendelea.
Mto wa Chakimayo una rangi ya chai iliyolala.
Kondoo wanazaa wana wasiosimama.
Mjukuu wake Edilberto, miaka sita,
alipimwa damu, ikakutwa risasi,
na bibi mzaa baba, aliye kiziwi kidogo, akauliza:
nani kampiga mtoto?

Hapo nakwama.
Kwa Kihispania chake cha mlimani neno ni moja,
la madini na la bunduki.
Kwa Kijerumani ni mawili, hayajuani.
Sekunde nne zake nazipoteza nikichagua,
na hata sasa sijui kama nilichagua vema.

Mwenyekiti anashukuru kwa mchango uliojaa hisia.
Mgodi ule, anaeleza, si wa kampuni hii,
ni wa kampuni tanzu ya kampuni tanzu ya kampuni tanzu.
Namnong'oneza Saturnina: anasema ni kitukuu chao.
Zimebaki sekunde kumi na moja.
"Faida ya kitukuu," anasema,
"inaijua njia ya kwenda kwa babu.
Mbona deni lake linapotelea—"

Kipaza sauti kinazimwa. Si kwa ubaya.
Kinajizima chenyewe, kimepangwa hivyo.

Kura: asilimia tisini na nane wameridhika.
Zile kumi na moja hazikutosha kuwa hata nukta
kwenye ukuta wenye takwimu.
Halafu tukala soseji na saladi ya viazi,
na Saturnina akaonja viazi, akanitazama,
akaomba nisitafsiri.

Mlangoni mzee mmoja, fundi wa kuchomelea, mstaafu,
akatusimamisha. Anazo arobaini, anasema.
Hati ile inajazwa vipi?
Roswitha akamwandikia namba ya simu
nyuma ya ajenda.

Ndani ya tramu, kabla ya kila kituo,
mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu.
"Tani arobaini," anasema, "husimamishi
ukishamwona mtu relini. Unaanza mapema,
wakati abiria bado wanakuona mjinga."
Saturnina anawaza. Kisha anauliza
hisa moja ni bei gani.
Namwambia. Anahesabu kwa vidole.
"Nusu ya dume," anasema. "Dume mzee."

Jikoni kwa Roswitha anafungua bomba,
anainusa glasi, ananusa tena, anakunywa.
Anajaza ya pili, na hii haiinywi,
anaishika tu dirishani kwenye mwanga.

Saa zangu za malipo zilikwisha kule ukumbini.
Navuta kiti.